Dirisha Lililokataa Kufungwa

Chepngeno alikuwa akianua nguo za mtoto kabla ukungu haujazilowesha tena, alipoinua macho akaliona dirisha. Limepanda nusu. Tena!

Alikasirika hadi kibanio cha nguo kikamvunjikia mkononi. Tangu Jonah, mumewe, apewe na kiwanda nyumba hii ya zamani ya meneja, katikati ya mashamba ya chai ya Boito, yeye na dirisha hilo walikuwa kama wake wenza. Halikuwa dirisha la bawaba kama madirisha ya watu wengine. Lilikuwa na fremu mbili za vioo, moja juu ya nyingine, na ile ya chini ulishika vishikio vyake vya shaba ukaisukuma juu. Kila jioni alilishusha. Kila jioni lilianza kupanda lenyewe, polepole, na kabla halijafika juu yeye alikuwa ameshalishusha tena kwa matusi. Baridi ilikuwa ikimwingia Nelvine, bintiye mchanga, mwenye kifua kibovu. Daktari alikuwa amemwonya: nimonia nyingine mtoto huyu hataiweza.

"Fundi!" aliita. "Si umesema umemaliza?"

Mbuthia, seremala kutoka Kericho mjini, alikuja akijipangusa vumbi la mbao. Alikuwa mtu wa mzaha, lakini alipoliona dirisha mzaha ulimwisha.

"Mama Nelvine, hii dirisha inavutwa juu na kamba, na kamba inavutwa na vyuma zimefichwa ndani ya fremu. Mimi nimetoa zote. Ziko hapa kwa gunia. Saa hii inafaa ianguke tu. Haiwezi panda."

"Na imepandishwa na nani? Upepo?"

Mbuthia alianza kufunga gunia lake.

"Ingia ndani upige misumari."

"Mama..."

"Piga, nimesema!"

Akapiga, misumari mirefu pande zote mbili. Kisha akabeba gunia lake akaenda zake bila kungoja chai. Fundi anayekimbia chai katika nchi ya chai ana sababu yake.

Kogo, yaani nyanya, mama yake Jonah, alikuwa jikoni akichemsha maziwa. Kelele za nyundo zilimleta hadi mlango wa chumba cha mtoto.

"Chepngeno. Ile siku ya kuita jina, mimi nilizuiwa na mvua. Nilikuta mmeshamaliza. Mtoto alipiga chafya kwa jina gani?"

Chepngeno alihisi uso ukimwaka. Desturi yao ilijulikana: akina mama wazee huwataja marehemu wa ukoo mmoja mmoja, na mtoto akipiga chafya jina likitajwa, basi huyo ndiye aliyerudi. Nelvine alikuwa amekataa. Majina yaliisha yakarudiwa, wageni wakaanza kuchungulia sufuria, na Jonah, mtu asiyejua kungoja, akamnusisha mtoto ugoro.

"Hakuna jina, Kogo. Wale wazee walikuwa wamenyamaza wapumzike. Mtoto alipopiga chafya, Jonah akasema ni marehemu nyanya yake yeye, watu wakapiga makofi."

Kogo alikaa kitandani polepole.

"Walikuwa wamenyamaza..." alinong'ona. "Basi kuna mtu alitaja jina na hamkumsikia. Mmekaribisha mtu hamjui."

"Kogo, tafadhali! Mimi nataka dirisha ifungwe, mtoto wangu alale! Ni hiyo tu!"

Machozi ya hasira yalikuwa yakimlenga. Alinyakua kitambaa akatoka nje, maana kwenye kioo alikuwa ameona alama ya kiganja, na alihitaji kitu cha kusugua kuliko kitu cha kuamini.

Giza lilikuwa likiingia. Kutoka kiwandani ilikuja harufu ya majani yanayokaushwa, na chini yake harufu nyingine, kali, ya kuwasha pua.

Ugoro.

Kiganja kilikuwa kirefu, vidole vyembamba. Alisugua. Hakikutoka. Alitemea mate, akasugua tena kwa nguvu zote. Hakikutoka.

Kilikuwa upande wa ndani.

Akapapasa mbao za fremu. Laini. Vishikio vyote vilikuwa ndani. Mtu wa nje hakuwa na pa kushika.

Hakuna aliyekuwa akijaribu kuingia. Yule asiyejulikana alikuwa ameshaingia siku ile ya jina, na kila jioni alikuwa akitafuta kutoka. Na kila jioni yeye, Chepngeno, kwa mikono yake mwenyewe, alikuwa akimfungia ndani na mtoto.

Alikimbia ndani, akachukua nyundo ya Jonah, akang'oa misumari huku Kogo akimmulikia tochi. Akashika vishikio akasukuma.

Dirisha halikutikisika, kana kwamba mkono ule sasa unalishikilia chini.

Kogo alitupa tochi, wakasukuma wote wawili. Wapi!

"Toka!" Chepngeno alipiga kelele, ngumi zikitwanga mbao. "Kila siku umenisumbua na hii dirisha! Si ulitaka kutoka? Toka basi!"

Tok... tok... tok...

Ndani ya fremu vyuma viligongana. Vyuma vilivyokuwa vimeenda na gunia la Mbuthia.

Na nyuma yao, karibu kabisa na kitanda cha mtoto, sauti ya mwanamke ikataja jina moja, kwa upole, kama mtu anayebembeleza.

Kogo alimshika Chepngeno mkono. Jina hilo halikuwa la ukoo wao.

Nelvine akapiga chafya.