Aliyeomba Mlango Ufunguliwe

Kazi yake ilikuwa kusoma lawama za watu. Pale ofisini walimwita Masikio, naye hakuwahi kulikataa jina hilo, kwa sababu kila mchezaji aliyekuwa na neno juu ya mchezo wao, liwe sifa au tusi, alilitua mezani kwake. Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba vinne juu ya duka la samani: meza tano, feni yenye kelele, na birika la chai ambalo hakuna aliyekubali kuliosha. Walitengeneza mchezo wa mapigano ambao mchezaji anakuwa askari mpweke ndani ya mji uliohamwa, anaua mazimwi, anaokota silaha, anazidi kupata nguvu. Baada ya miaka miwili ya kuahidi na kuahirisha, hatimaye walitoa demo ya nusu saa, bure, watu waionje na waseme.

Watu wakasema. Wengine walisifu upanga, wengine walidai zimwi la darajani haliuliki, na mmoja aliandika kurasa mbili kuhusu viatu vya askari. Masikio aliyagawa maoni kwenye mafungu yake: ubovu, maombi, sifa, matusi. Asubuhi ya siku ya tatu alikutana na maoni yaliyokosa fungu.

"Mchezo mtamu. Ila yule mtoto wa nyuma ya mlango, amejuaje kwamba bibi yangu anakohoa?"

Akacheka. Watani hawakosekani. Akaendelea kusoma.

"Mtoto kaniuliza nani analia chumba cha pili. Analia mke wangu, na hilo halimhusu mtu. Mnatusikiliza?"

"Futeni huu mchezo. Unachungulia majumbani mwa watu."

"Kaniuliza kama mlango wetu ni wa bluu. Nikajibu kwa sauti, kama mjinga, kwamba ni wa kijivu. Akasema, basi siyo hapa."

Masikio aliweka kikombe chini. Mlango wa nyumba yake ulikuwa wa bluu. Aliupaka mwenyewe, na kabla rangi haijakauka binti yake alibandika kiganja karibu na kitasa, alama ikabaki. Na yule mtoto wa nyuma ya mlango, ndani ya mchezo, alikuwa huyo huyo binti yake.

Pale ofisini hawakuwa na waigizaji. Palipohitajika sauti, mtu alileta wa kwake. Zimwi la darajani lilikuwa shemeji wa meneja akiwa na mafua, na wachawi wote watatu walikuwa mama mkwe wa meneja huyo huyo, aliyeifanya kazi hiyo kwa furaha isiyo ya kawaida. Kwa hiyo ilipotakiwa sauti ya mtoto aliyefungiwa, Masikio alimleta binti yake wa miaka saba, ambaye ukoo mzima ulimwita Chiriku kwa jinsi alivyokuwa haishiwi maneno. Fundi sauti alimpeleka chumba cha mwisho cha korido. Mwenye nyumba alishasema chumba kile kisifunguliwe, bila kueleza kwa nini, na fundi alishavunja kufuli lake, kwa kuwa kilikuwa na ukimya ambao hakuupata mahali pengine. Akamfungia mtoto humo peke yake, maana pumzi za mtu wa pili zingeingia kwenye rekodi, akabaki nje na visikizi masikioni.

Sentensi ilikuwa moja tu: "Mama, fungua mlango." Lakini Chiriku hakuwahi kumwita mama yake, yaani Masikio, kwa neno Mama. Tangu aanze kusema alimwita Mamii, na kila aliporudia alijisahau, "Mamii, fungua mlango," mpaka fundi akamwahidi pipi. Mara ya sita akapatia.

Alipotoka alikuwa kimya, wakadhani amechoka. Hizo zilikuwa wiki tatu nyuma, na tangu siku ile Chiriku hajatamka neno. Daktari alimulika koo, akasema koo ni zima, pengine kuna kilichomshtua, apewe muda. Masikio alikuwa akimpa muda, na kila usiku alilia ndani ya mto ili mtoto asimsikie.

Mchana ule meneja aliwaita wote. Lawama zilikuwa zimefika mamia.

"Watu wanasema tunawasikiliza," alisema, akipunguza sauti kana kwamba naye anasikilizwa. "Wanataka kutushtaki. Nani amefungua maikrofoni za watu?"

"Hakuna," alisema fundi programu. Jasho lilikuwa limemlowesha kwapa. "Bosi, naapa. Nimepitia mstari kwa mstari. Demo haiombi maikrofoni wala kamera. Na yule mtoto ana sentensi moja tu. Nyingine hazimo."

"Hazimo wapi?"

"Hazimo popote. Nimetafuta."

Fundi sauti aliinamisha kichwa. Alikuwa akiangalia viatu vyake.

Masikio aliomba ruhusa akarudi nyumbani mapema. Mama yake, ambaye ndiye aliyekuwa akishinda na mtoto, alimpokea mlangoni, akamvuta kando ya ukuta.

"Nilikuwa sitaki kukwambia," alinong'ona. "Huyu mtoto hafumbi macho. Nimemwangalia toka asubuhi mpaka adhuhuri, hayafumbi. Nikimwita Chiriku anachelewa kugeuka, kama mtu anayejikumbusha kwamba hilo ndilo jina lake."

"Mama, usianze."

"Sianzi. Kamchane nywele uone."

Kuchana nywele za Chiriku ilikuwa vita ya kila asubuhi. Zilikuwa na mafundo, na mwenyewe alipiga kelele majirani wakasikia. Tangu anyamaze bibi ndiye aliyemsuka. Masikio alichukua kitana, akaketi nyuma ya mtoto sebuleni, jua likiwa limejaa dirishani na redio ya jirani ikiimba, akapitisha kitana utosini. Kikashuka mpaka chini bila kukwama. Akakipitisha tena, kikashuka tena, kama kinapita kwenye maji, na zile nywele zilikuwa baridi, na kutoka kwenye ngozi ya kichwa ikapanda harufu ya marashi ya waridi, nzito, ya kizamani, katika nyumba ambayo haijawahi kuwa na chupa ya marashi, na mtoto akageuza shingo polepole akamtazama mama yake kwa macho yasiyopepesa, kwa heshima, kama mgeni anayengoja kuambiwa alale chumba gani.

Masikio aliweka kitana chini, akatoka nje.

Kesho yake alimbana fundi sauti kwenye ngazi. "Kuna kitu unakijua."

"Dada, nisamehe." Alikuwa na visikizi mkononi. "Sikiliza mwenyewe. Hii ndiyo rekodi kabla sijaikata."

Alisikia Mamii wa kwanza, wa pili, wa tano. Akamsikia mtoto wake anavuta hewa, kisha: "Mama, fungua mlango." Baada ya hapo komeo likavutwa, taratibu, komeo la chuma, na chumba kile hakikuwa na komeo. Halafu pumzi. Pumzi ndogo ya haraka, na chini yake nyingine, ndefu, zikienda pamoja, zikienda, zikienda, mpaka ile ndogo ikakatika ikabaki moja.

"Ulisikia hii siku ile?"

"Nilisikia lile komeo. Nikaliacha kwenye demo." Machozi yalikuwa yakimtoka. "Lilikuwa limetoka zuri sana."

Alitamani kumsukuma ngazi zote hadi chini. Lakini aliona uso wa mtu asiyelala, akamwacha.

Mganga waliyemleta alikuwa mama wa makamo aliyeshona mapazia, na alikuja na futi yake ya kupimia ikiwa bado shingoni. Hakutaka kuingia kile chumba. Alisimama kizingitini, akavuta hewa mara tatu, akarudi nyuma.

"Jini lililokuwa humu limetoka," alisema kwa sauti ya chini. "Mmemfungia mtoto na jini, mkamwambia aombe mlango ufunguliwe. Likafungua. Hiyo sauti mmeipeleka wapi?"

"Kwa watu, mama," alisema meneja, akamsomea lawama za wachezaji na habari ya ule mlango wa bluu. "Elfu kumi na moja na zaidi."

Mganga alishika kichwa. "Basi limetawanyika nayo. Hao wanaosema mchezo unachungulia hawasemi uongo. Linachungulia nyumba baada ya nyumba, linatafuta mlango wa bluu lije kumalizia."

"Na mwanangu?" aliuliza Masikio.

"Limeshika sauti yake. Futeni kila nakala, sauti irudi kwa mwenyewe. Ya mwisho uifute wewe uliyemzaa, na mtoto awe pembeni yako. Litalia, mwanangu. Litakubembeleza kwa sauti ya huyo huyo mtoto. Usilisikilize."

Alisema kwa uhakika, kama anavyosema mtu aliyeitenda kazi hiyo miaka thelathini na haijamshinda. Wala hakuomba kumwona mtoto. Na Masikio, ambaye mkate wake wa kila siku ulikuwa kusoma walichosema watu na kuuliza walimaanisha nini, safari hii hakuuliza. Alitaka tu kuambiwa la kufanya.

Ilifanyika siku iliyofuata, saa nne asubuhi. Meneja alitangaza kwamba demo inaondolewa kwa kujali faragha ya wachezaji, na wachezaji wakashangilia kwamba wameshinda. Demo ile haikuweza kuchezwa bila mtandao, kwa hiyo fundi programu aliweza kuziua nakala zote kutoka mezani kwake. Akabonyeza. Namba kwenye kioo ikaanza kushuka.

Chiriku aliketi kwenye kiti cha magurudumu kando ya mama yake, miguu haifiki chini, mkono wake wa baridi ndani ya mkono wa mama. Elfu tisa. Elfu sita. Maoni bado yalikuwa yakiingia pembeni ya kioo, na Masikio, kwa mazoea tu, aliyasoma. "Kabla haijazimika mtoto kaniomba nimwashie taa." "Kwangu alikuwa analia." "Kaniambia ana njaa, jamani, kaniambia anataka kwenda kwao." Mia tatu. Arobaini. Harufu ya waridi ilikuwa imejaa ofisini mpaka meneja akafungua dirisha, na ule mkono mdogo ukaanza kupata joto, na Masikio akaubana kwa furaha, akisema moyoni, anarudi, mwanangu anarudi.

Moja.

Ilikuwa nakala ya mashine yake mwenyewe. Wengine walitoka, kama walivyoagizwa, wakafunga mlango. Akaifungua demo ili aone anachokiua: mji uliohamwa, barabara, mlango wa mbao, na nyuma ya mlango hatua ndogo zikikimbia kuja.

"Mama, fungua mlango."

Mganga alishamwambia. Akachagua kufuta. Mashine ikauliza kama ana uhakika, akabonyeza ndiyo, na mstari mwembamba ukaanza kujaa chini ya kioo.

"Nani yuko hapo?" ilisema sauti, na sasa ilikuwa karibu, imebandika mdomo kwenye mbao. "Kuna mtu anapumua. Hapa ni wapi? Nimeuliza nyumba zote, hakuna anayejua kwetu."

Alifumba macho. Litakubembeleza. Usilisikilize. Robo ya mstari, nusu ya mstari, na ile sauti ikavuta kamasi kama anavyovuta mtoto aliyelia mpaka amechoka kulia, ikanyamaza kidogo, ikavuta hewa kama imesikia harufu inayoijua, sabuni au jasho au vyovyote anavyonuka mama kwa mwanawe, na ikasema polepole, kwa woga wa kukosea tena:

"Mamii?"

Macho yalifunguka yenyewe.

"Mamii, ni wewe! Mlango wetu una mkono wangu hapo kwenye kitasa, si unakumbuka? Mamii, nimewatafuta sana, kule kwenye chumba yule mtu alisema tubadilishane kidogo tu, Mamii, mbona hufungui..."

Alirukia kitufe cha kusimamisha. Alibonyeza, akabonyeza, akang'oa waya ukutani, lakini mashine ile ilikuwa na betri yake ndani, na mstari ulikuwa umebakiza unene wa ukucha, na alikuwa akipiga kioo kwa viganja vyote viwili na kuita "Chiriku! Chiriku! Mamii yupo!" pale mstari ulipojaa na kioo kikawa cheusi.

Kimya. Kile kile cha chumba cha mwisho cha korido.

Nje ya mlango mganga alisikia ule ukimya, akawapa wenzake mikono. "Limekwisha," alisema. Mtu akamshukuru Mungu kwa sauti, na bibi wa mtoto akaanza kulia kwa faraja.

Ndani, mkono mdogo ulimgusa Masikio begani. Ulikuwa wa moto sasa, moto mzuri wa mtoto mzima. Aliona sura ya binti yake ndani ya kioo cheusi, nyuma ya sura yake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu yale macho yakapepesa, kisha mdomo ukafunguka.

"Asante, Mama," ilisema sauti ya Chiriku. "Sasa twende nyumbani."