Msichana Mwenye Tenga la Mwani

Mnanichosha. Kila mkija hapa na baridi yenu ni "bibi, simulia ya Rayyan," kana kwamba jini lile nililifuga mimi. Haya, nasimulia mara moja tu. Asiye na moyo akaangalie jiko kama linawaka, na asirudi.

Rayyan alikuwa mpiga video za harusi pale Mwanjelwa, kijana mwembamba, maneno laini kama ndizi iliyopitiliza kuiva. Siku hizi maharusi wa Mbeya hawataki video inayong'aa. Wanataka rangi zilizochujuka kama kanga ya kudekia, jua la chungwa, bahari kama maziwa, vile walivyoona kwenye sinema za pwani za miaka ya themanini. Watu waliozaliwa kwenye ukungu wa Uyole wanaililia bahari wasiyowahi hata kuinusa! Rayyan alihangaika kuzitengeneza rangi hizo kwenye kompyuta, zikatoka kama uji uliomwagikiwa wino.

Hapo akaukumbuka mkanda wa shangazi yake.

Shangazi Ruwaida alikaa Ipogolo, kule Iringa, na ndiye aliyemlea, maana Nusrat, mama yake, alikufa akimzaa. Ndani ya sanduku la shangazi, ndani ya kaniki, ulilala mkanda mmoja wa video. Nusrat alipokuwa msichana, watengeneza sinema walifika kijijini kwao pwani, wakamwambia apite kwenye maji ya kifundoni, tenga la mwani kichwani, mgongo kwa kamera. Basi, ni hayo tu. Picha zake nyingine zililiwa na mchwa. Rayyan, mtu mzima mwenye ndevu, alimjua mama yake kwa mgongo.

Mara moja kwa mwaka shangazi alifukiza udi, akaweka sahani ya halua na marashi, akamwonyesha Rayyan ule mkanda, kisha akaufunga tena.

"Walimwingiza baharini bila kutoa sadaka," alimwambia tangu angali mdogo. "Akatoka na mwenzie, jini la maji lililomfanya kiti chake. Alipokufa tukamfungia huyo mwenzie humu. Utazame, lakini usiutoe nakala. Kitu kile ukikizalisha, kitatafuta pa kukaa."

Rayyan aliuiba siku ya Idi, shangazi akigawa pilau kwa majirani.

Jambo la kwanza lilikuwa dogo. Alikuwa studio, mchana, pazia limefungwa, ananakili. Akashika kompyuta, imelowa. Akalamba kidole. Chumvi. Akaifuta kwa shati akaendelea.

Ile bahari akaikata, akaibandika nyuma ya bibi harusi wa kwanza. Ikapendeza, nani atakataa? Lakini alipoirudia nakala, msichana wa tenga alikuwa amegeuza shingo kidogo. Sikio lilionekana, na hereni. Akaweka mkanda wenyewe kwenye deki. Mgongo. Akarudi kwenye nakala. Sikio.

Mwenye akili angepanda basi la Iringa saa ileile. Yeye akatoa nakala nyingine. Likatokea shavu.

Basi akawa anatoa. Kila harusi aliitia bahari ile, na kila harusi msichana aligeuka kidogo. Studio ikanuka mwani uliooza, huku juu milimani, hata wateja wakamuuliza kama siku hizi anauza dagaa. Akawasha feni.

Ndipo akaja Lusekelo, aliyemwoa Tumpe mwezi uliotangulia. Aliingia akafunga mlango nyuma yake.

"Gwe Rayyan, umetuwekea nini kwenye video?"

"Kwani rangi hamkuipenda?"

"Tumpe anatapika maji ya chumvi." Alinong'ona kama mwizi. "Na uso wake unafutika."

"Unafutikaje?"

"Nikimwangalia namwona. Nikigeuka, siukumbuki. Jana mama yake mzazi alimkuta sebuleni akamuuliza, wewe binti ni mgeni wa nani?"

Rayyan alijua. Alijua, akamwambia, "Mpeni limao, kaka. Tumbo tu hilo."

Maana ilikuwa imebaki nakala moja uso utimie.

Lusekelo alipotoka, Rayyan akabonyeza. Msichana akaanza kutembea, chwa, chwa, kwenye maji ya kifundoni, na Rayyan akasogeza uso mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, akaliona shavu, akaiona pua, akaanza kusema "mama" kimyakimya kama mtoto anayejifunza, na ile chwa chwa ikazidi kukaribia ingawa spika alikuwa amezichomoa asubuhi, ikatoka mlangoni, ikapita kwenye zulia, ikasimama nyuma ya kiti chake ikidondosha maji, na wakati huohuo msichana akageuka mzima akamtazama, na uso ulikuwa wa Tumpe, na poda ya harusi bado iko usoni.

Usiku uleule Rayyan akampigia shangazi simu, akakiri yote. Kesho yake shangazi aliteremka kwenye basi na chetezo chake, hata salamu hakumpa. Alimsimamia mpaka akafuta kila nakala, akawapigia maharusi wote wafute zao, wakauchoma mkanda. Kisha wakaenda kwa Lusekelo. Tumpe amekaa mkekani, kitenge kichwani, na chini ya kitenge hakuna aliyethubutu kutazama mara mbili. Shangazi akafukiza.

"Nyumba zako zote nimezivunja. Wataka nini tena?"

Sauti ikatoka chini ya kitenge, nzito, ya maji. "Uso wa kiti changu. Au nabaki na huu."

Shangazi akafungua pindo la kanga yake akatoa picha ndogo, akaishika kifudifudi.

"Hii ya mama yako mchwa waliisaza. Nilikuwa nakuwekea siku ya ndoa yako."

Rayyan akanyoosha mkono. "Shangazi, nakuomba. Nimwone mara moja tu."

"Sadaka iliyotazamwa haijatolewa. Ama utazame, ukamweleze mama yake Tumpe."

Mama yake Tumpe alikuwa mlangoni, akimwangalia mwanawe kama anavyoangaliwa mpita njia.

Rayyan akaipokea picha kwa vidole viwili, akaiweka juu ya makaa, mgongo juu.

Nyumba ikanuka mwani mara ya mwisho, halafu moshi mtupu. "Tumpe!" mama akapiga kelele mlangoni. "Tumpe, mwanangu!"

Hakuna aliyemtazama Rayyan. Kwenye chetezo karatasi ilikuwa inajikunja kwa moto, ukingo ukainuka, ikaanza kugeuka polepole, kama alivyogeuka yule msichana, na yeye mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, akafumba macho.