Samaki Aliyefunga Mdomo

Gari lilizimika katikati ya mto, kana kwamba barabara yote ile ilikosa mahali pengine pa kuzimikia.

Narcisse Byamungu alizungusha ufunguo mara tatu. Injini ilikohoa kama mzee wa kanisa anayeomba nafasi ya kusema, kisha ikanyamaza. Maji yalikuwa yamefika chini ya mlango. Kijito hicho, kwenye njia ya udongo inayopanda kutoka upande wa ziwa kwenda Dowa, mbuzi walikivuka wiki iliyopita bila kulowa matumbo. Lakini ilikuwa Januari 2013, na mvua ilikuwa imenyesha milimani, huko wasikokuona.

"Mama Akeza," alisema Narcisse, "hapa njo tutakula nsima ya mchana."

"Tungepita lami, Papa Bienvenu," alijibu Thacienne, aliyeketi kando yake.

Kweli wangepita lami. Ila kwenye lami kulikuwa na kizuizi cha polisi, na barua yao ya ruhusa ya kutoka kambini Dzaleka ilikuwa imeisha jana. Samaki waliowafuata ziwani walikuwa wa kilindini, na samaki wa kilindini hapandishwi kwa siku moja. Anawekwa ndani ya pipa, anavutwa juu mita chache, anapumzishwa, anavutwa tena. Ukimharakisha, tumbo linajaa hewa na kupasuka. Barua iliwapa siku tano, samaki wakataka sita. Na mkimbizi akiambiwa achague kati ya polisi na mto, anachagua mto, maana mto hauulizi karatasi.

Nyuma ya gari yalifungwa mapipa matatu ya samaki wa kupelekwa kwenye jumba la vioo la kituo cha utafiti, Lilongwe. Thacienne, Mrundi wa Rumonge, ndiye aliyewatunza. Narcisse, fundi cherehani wa Bukavu, maisha yalikuwa yamemgeuza dereva. Samaki hao walikuwa wa mwisho kutoka mwamba mmoja ambao nyavu zilikuwa zimeumaliza. Na miguuni pa Thacienne, ndani ya ndoo ya bluu yenye kifuniko, alikuwa jike mmoja aliyekuwa na watoto. Alikuwa nao mdomoni, kama wafanyavyo mama wa ukoo wake. Tangu awabebe hakuwa amekula. Akishtuka sana huwatema. Akikosa hewa huwameza.

"Huyu asipofika," Thacienne alikuwa amemwambia Narcisse walipoondoka ziwani, "hakuna mwingine."

Mto ulikuja kwa sauti kwanza. Kisha ukaonekana kwenye kona, umesimama kama ukuta wa matofali mabichi, umebeba matawi, mabua ya mahindi na mlango wa choo cha mtu. Gari lilisukumwa ubavu, likaburuzwa, likagonga jiwe na kuinama. Kioo cha upande wa Narcisse kilipasuka.

"Panda juu! Toka na dirisha," alisema Thacienne.

Alipitisha ndoo kwanza, kisha akapita mwenyewe, kisha akamvuta mwenzake kwa kola ya shati. Walipokaa juu ya paa, kamba za mapipa zilikatika. Pipa la kwanza liliondoka bila haraka, kama mgeni anayeaga. La pili na la tatu yalifuata, yakazunguka kwenye kona na hayakuonekana tena. Thacienne aliikumbatia ndoo, akamgeukia Narcisse.

"Mkono wako unavuja damu."

"Mi sione damu. Naona maji tu."

Thacienne alichana kitenge chake na kumfunga kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono, akakaza kwa meno.

"Ukingo gani uko karibu?"

"Wa kushoto. Dzaleka iko kule." Narcisse aliangalia hatua kama ishirini za maji yanayochemka. "Unajua kuogelea?"

"Najua. Wewe?"

"Nilikulia mbele ya Ziwa Kivu. Lakini kila nilipogusa maji, mama alinichapa. Leo ningependa aje aone kazi yake."

Basi Thacienne hakwenda popote. Na angekwendaje, na ndoo?

Pampu ndogo ya hewa iliyofungwa kwenye ndoo ilikuwa imekufa pamoja na betri. Baada ya muda Thacienne alifunua kifuniko kidogo. Samaki alikuwa amepanda juu, anahema, matamvua yakienda mbio, mdomo umebanwa. Thacienne aliuchomoa mpira mwembamba wa pampu, akauzamisha ndani ya ndoo, akaanza kupuliza. Mapovu yalipanda. Alipuliza mpaka macho yakaona nyota.

"Nipe," alisema Narcisse. "Sekondari nzima, humanités, nilimaliza, diplôme nilipata, na leo napuliza samaki."

"Puliza, acha kuhubiri."

Walipokezana. Mmoja akipuliza, mwingine alishika ndoo na shati la mwenzake. Mvua ikawafikia na wao, ya baridi, yenye matone ya kuuma. Paa lilikuwa linateleza kama sabuni. Kila gogo lilipogonga, gari lilisogea upana wa kiganja, nao hawakuwa na la kufanya ila kukaza makalio na kusubiri lisimame. Waliita, mto uliwajibu.

Mama mmoja mwenye jembe alitokea ukingoni. Aliwaangalia, akapaza sauti wasiyoisikia, akaondoka mbio. Baadaye alirudi, akaketi kwenye nyasi, mvuani. Hakuwa na kamba wala mtumbwi, lakini hakuondoka tena.

Maji yalifika kwenye nyayo zao. Narcisse, ambaye alikuwa amemtania samaki ("kama shangazi yangu, hata Yesu akimusalimia hajibu"), akanyamaza. Hapo ndipo Thacienne alipoogopa.

"Papa Bienvenu, sema kitu."

"Nasinzia."

"Zamu yako."

"Nimepuliza sasa hivi."

"Uongo. Zamu yako."

Haukuwa uongo, lakini alipuliza. Kila kichwa chake kilipoanguka kifuani, mpira ulirudi mdomoni mwake. Mchana wote ulipita hivyo, pumzi kwa pumzi, hata isijulikane nani alikuwa anamweka nani hai.

Jua likianza kushuka, maji yalichoka. Ukingoni walikuwa wamekusanyika waendesha kabaza sita, wale wa baiskeli za abiria, wakiunganisha mipira ya kufungia mizigo kwenye baiskeli zao. Mmoja alijifunga kiunoni akaingia, maji kifuani. Thacienne alivuka na ndoo kichwani. Narcisse alivuka amefumba macho.

"Zikomo," Narcisse alimshukuru mama mwenye jembe, na neno hilo moja lilimtoa yeye mwenyewe machozi.

Mama yule ndiye aliyekuwa amepeleka habari. Nyuma yake lilisimama gari la polisi na dereva wake, na polisi aliyeshuka alikuwa wa kizuizini, yule yule waliyemkimbia. Alitazama mkono uliofungwa kitenge, akatazama ndoo.

"Barua nitaiuliza Lilongwe," alisema. "Huo mpira ni wa nini?"

Wakamweleza. Walipopita Kanengo, mlangoni mwa Lilongwe, Narcisse alikuwa amelala kwenye kiti cha nyuma, na polisi anapuliza.

Barua aliiuliza kweli, na Narcisse aliambiwa maneno ya kutosha masikio mawili. Siku ya nne, barua mpya mfukoni, alirudi kwenye jumba la vioo. Thacienne alikuwa amekaa sakafuni mbele ya tangi. Samaki alikuwa bado amefunga mdomo. Labda alikuwa na watoto, labda aliwameza kule mtoni. Hakuna aliyejua, na hakuna aliyeweza kumfungua.

"Wewe ulivuka Ziwa Tanganyika na Akeza mgongoni," Narcisse alisema polepole. "Uliwezaje kungoja mpaka mfike?"

"Sikuweza. Nilingoja tu."

Ndipo mdomo wa samaki ukafunguka. Akatoka mmoja, mdogo kama punje ya mchele yenye macho. Kisha watatu, kisha kundi zima, wakasimama mbele ya mama yao, wasijue waende wapi.

Narcisse aliinama aone vizuri. Kivuli cha kichwa chake kikaanguka kwenye kioo, na watoto wote wakarudi mdomoni mbio.

"Sogea nyuma, Papa Bienvenu," alisema Thacienne, akicheka na kulia. "Kwao, mafuriko ni wewe."