Aliyeitika Nipo

Wembe alikuwa kinyozi, na hilo la ukinyozi hata waliomchukia walimpa haki yake. Jina la Wembe hakulipata kwa kazi, alilipata kwa mdomo. Kibanda chake kilikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, kioo kikubwa ukutani kwa mbele na kingine kwa nyuma, ili mteja aone kisogo chake bila kupinda shingo. Miaka kumi na moja ya kazi hiyo ilimfundisha kuwajua watu kwa visogo. Ungepita barabarani umempa mgongo, angekuita kwa jina na asikosee.

Jumamosi moja mchana alikuwa na marafiki zake wawili kibandani, kama kawaida yao. Mmoja alikuwa muuguzi wa wodi ya wanaume, ambaye mtaa mzima ulimwita Sista. Wa pili alikuwa fundi wa majokofu, naye aliitwa Baridi, ingawa tabia yake ilikuwa moto mtupu. Sista alitoa karatasi kwenye mkoba. Mbio za vilimani. Kilomita hamsini, vilima saba, miezi mitatu kutoka siku ile.

"Mimi nimo," Baridi akasema kabla hajasomewa mpaka mwisho.

Wembe alikuwa anafuta poda kwenye brashi. Tumbo lake lilikuwa limeshaanza kumtangulia mlangoni, lakini mdomo nao ulikuwa na mbio zake.

"Hamsini tu? Mimi shuleni nilikuwa nakimbia mpaka mwalimu ananiomba nipumzike."

Uongo. Shuleni alikuwa anashika nguo za wanaokimbia.

Kwa kuwa kila mmoja alikuwa na zamu zake za kazi, wasingeweza kufanya mazoezi pamoja. Sista akaweka utaratibu. Kila alfajiri saa kumi na moja angetuma sauti kwenye kundi lao la simu, "Tupo?" Aliyekwisha kufunga kamba za raba na kutoka nje angejibu kwa sauti yake, "Nipo." Aliyelala anyamaze.

"Msiitike kama hampo," aliwaambia, na hakuwa anatania. "Wodini tunamwita mgonjwa jina kabla ya kumpa dawa. Siku moja nilimwita wa kitanda cha tano, akaitika wa kitanda cha nne. Usingizi tu, maskini. Dawa ikamwingia asiye mwenyewe."

"Ikawaje?" Baridi akauliza.

"Kama hupo, nyamaza. Basi."

Wembe alikimbia siku tatu. Siku ya nne magoti yalimlilia, akajionea huruma, na huruma ya mtu kwa nafsi yake haina mwisho. Lakini mkewe alikuwa ameshazoea kuamka mapema kumtengea maji ya kuoga baada ya mazoezi, na alikuwa ameshawatangazia dada zake kwamba shemeji yao atakimbia vilima saba. Angebakije kitandani? Kwa hiyo alivaa kaptula na raba, akatoka, akapinda kona mbili, akafungua kibanda chake na kujifungia ndani. Alikilaza kiti. Simu ilipolia, "Tupo?", alikata pumzi makusudi, akazivuta fupi fupi kama mtu aliye mlimani, na kujibu: "Nipo!" Kisha akalala saa nzima baina ya vioo viwili. Akiamka, alichukua chupa ya kunyunyizia nywele, akajimwagia kichwani na kifuani, akarudi nyumbani anahema. Mkewe alimpokea kwa taulo.

Hivyo ndivyo alivyofanya mazoezi kwa miezi mitatu.

Kuna jambo lilipaswa kumshtua, halikumshtua. Mteja mmoja, dereva wa lori la mbao, alimwambia akiwa ananyolewa, "Juzi alfajiri nimekupita kule mlimani. Nikakupigia honi, hata hukugeuka. Kumbe una mbio hivyo!" Wembe alicheka, akamzidishia poda. Shahidi wa bure hafukuzwi. Wiki iliyofuata mwanamke anayeuza magazeti naye akasema amemwona. Wembe alijiambia wamemfananisha na mtu. Ila kwa wateja alisema, "Ndiyo, ni mimi."

Siku ya mbio walikuwa watu kama mia mbili, na namba zimebanwa vifuani. Kilima cha kwanza Wembe alikipanda kwa maneno. Cha pili kilimnyamazisha. Cha tatu alitapika kwenye majani, akajifuta kwa fulana, na alipoinua kichwa akamkuta Baridi anamtazama.

"Vipi wewe? Na mazoezi yote yale?"

"Nyama za paja zimekaza tu. Tangulieni, nafunga kamba."

"Tukungoje?"

"Nimesema tangulieni!"

Walikwenda. Sista aligeuka mara moja, akampungia mkono kwa wema, na wema huo ulimchoma kuliko kichomi. Aibu ilimshika mpaka masikio yakawa ya moto. Alikaa nyuma ya jiwe ili wakimbiaji wengine wasimwone. Akapitwa na wazee. Akapitwa na mama mmoja mwenye mvi anayeimba. Kisha hakupita mtu tena, na ukungu ukashuka.

Ulishuka haraka. Mti wa hatua kumi ukapotea. Mbele, juu ya njia, akasikia sauti ya Sista inaita kama walivyokubaliana kuitana kwenye ukungu.

"Tupo?"

"Nipo!" Huyo ni Baridi.

Wembe akafungua mdomo. Pumzi haikutosha. Akajikongoja kusimama, akavuta hewa ili aitike.

"Nipo!"

Hakuwa yeye.

Sauti ilikuwa yake. Ilitoka pale kwenye kona, karibu, karibu kuliko walipokuwa wenzake. Na ilikuwa na pumzi fupi fupi, zilizokatwa makusudi. Wembe alizijua pumzi zile. Hakuna mtu mwingine duniani aliyepata kuhema hivyo. Alikuwa amezitunga mwenyewe, amelala kwenye kiti.

"Safi," Sista alijibu kwa mbali. "Twende."

Alipanda kwa mikono na magoti. Kwenye mgongo wa kilima ukungu ulifunguka kidogo, akawaona. Migongo mitatu. Sista. Baridi. Na wa tatu.

Wembe alitazama kisogo.

Alhamisi alikuwa amejinyoa mwenyewe kwa vioo viwili, mkono ukateleza, mashine ikamng'ata chini ya sikio la kushoto. Alama ilikuwepo. Mstari wa nywele ulikuwepo, umepinda kidogo kulia kama yeye anavyoukosea siku zote. Fulana ile ile. Tumbo halikuonekana. Miguu ilikwenda vizuri, ilikwenda kwa raha, miguu ya mtu aliyefanya mazoezi kila alfajiri kwa miezi mitatu.

Hakugeuka.

Na hapa ndipo pa aibu yenyewe, ambayo Wembe alikaa nayo muda mrefu kabla ya kumwambia mtu. Kitu cha kwanza alichohisi hakikuwa hofu. Ilikuwa nafuu. Alijisemea moyoni, haya, basi nimekimbia. Wenzake walikuwa wanakwenda na kitu asichokijua, kwenye ukungu, na angeweza kupiga kelele. Hakupiga. Aliziba kinywa kwa mkono, akakaa chini, akaacha wapotee.

Baadaye aliteremka kwa barabara ya malori ya mbao. Ilikuwa yapata saa tisa alasiri alipofika uwanjani. Alinuia kujipenyeza kwenye umati kimya kimya, lakini Baridi alimwona, akamrukia shingoni huku analia.

"Ulipotelea wapi wewe? Eti naenda chooni, nusu saa! Shika medali yako, umeiacha kwenye kiti. Jamani, huyu hapa! Huyu ndiye!"

Watu walipiga makofi. Kidogo kidogo Wembe alielewa. Kwenye kilima cha saba Sista alianguka, kifundo cha mguu kikapinda. Kabla Baridi hajasema kitu, mwenzao alikuwa ameshainama, amembeba Sista mgongoni, na kuondoka naye mbio. Kilomita nane. Hakupumzika hata kituo cha maji. Baridi hakuweza kumfikia.

Walimpeleka kwenye hema la huduma ya kwanza. Sista alikuwa amelazwa, mguu umefungwa. Aliomba waachwe wawili. Alipobaki naye, alimshika kifundo cha mkono, vidole juu ya mshipa, kama anavyowapima wagonjwa wake.

"Unapiga," alinong'ona.

"Nini?"

"Mshipa. Unapiga. Nilikuwa nimelaza sikio mgongoni. Mdomoni unahema, lakini mgongo haupandi wala haushuki. Kilomita nane, Wembe. Na baridi. Nimewaosha watu wengi waliokufa, naijua baridi ile."

Wembe aliutazama mguu uliofungwa.

"Nakuuliza mara moja tu. Mtu akiulizwa, aseme ukweli. Ni wewe uliyenibeba?"

Nje ya hema sauti ya Baridi ilikuwa inasimulia upya, na watu wanashangilia. Mkewe alikuwa ameshapigiwa simu. Dada za mkewe walikuwa wameshaambiwa. Kusema hapana kungekuwa kusema yote: kiti, chupa ya maji, taulo. Neno lilikuwa moja tu, na Wembe hakuwa na uso wa kulisema.

"Ni mimi," akasema.

Sista alifumba macho. Mkono wake ulimwachia polepole.

Zilipita siku kumi. Sista hakurudi kazini. Wembe hakwenda kumtazama, akisingizia wateja. Siku ya kumi na moja, mchana, mama yake Sista aliingia kibandani na khanga mbili, macho yamevimba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwenzio anakuita. Mguu umepona, daktari kasema umepona. Lakini hainuki. Halali, hali." Akamshika mikono yote miwili. "Sijapata nafasi ya kukushukuru. Ulinibebea mtoto wangu. Mungu akulipe."

Wembe alitamani ardhi ipasuke.

Chumba cha Sista kilikuwa kidogo, kisafi, sare zake nyeupe zimetundikwa nyuma ya mlango. Dirisha lilikuwa wazi na jua limeingia mpaka kitandani. Sista alilala chali. Magoti ameyakunja kidogo na kuyapanua. Mikono ameifumbata mbele ya kifua, kama amekumbatia shingo ya mtu.

"Sogea," alinong'ona. "Tazama godoro."

Wembe akatazama. Ilimchukua muda kuona. Shuka lilikuwa limenyooka chini yake pande zote. Hakuna mkunjo. Chini ya nyonga, chini ya mabega, hakuna pa kubonyea. Sista alikuwa amelala juu ya godoro na godoro halikuwa na habari naye.

Mama yake alianza kulia kimya kimya pale mlangoni.

"Nimechoka," Sista alisema. "Anakwenda tu. Mchana na usiku. Sijui wapi."

Magoti ya Wembe yaligonga sakafu. Aliitazama sare. Hakuweza kumtazama mama.

"Sikuwa mimi," akasema.

"Sema vizuri."

"Sikuwa mimi. Mimi nilibaki kilima cha tatu. Niliona kisogo chake, nikanyamaza. Sikufanya mazoezi hata kidogo, Sista. Nilikuwa nalala kwenye kiti, naitika. Nilikuwa nalala." Machozi yalimshinda. "Niliona aibu. Nisamehe. Mama, nisamehe."



"Najua," Sista alinong'ona. "Nilijua pale pale hemani. Nilitaka useme, ndipo anishushe."

Kitanda kikalia. Godoro likabonyea chini ya mabega, chini ya nyonga, chini ya visigino, pote mara moja. Mikono ya Sista ikafunguka na kuanguka pembeni. Alivuta pumzi ndefu na kulala usingizi hapo hapo, mdomo wazi kama mtoto. Mama yake alimkimbilia, akampapasa uso, akamshukuru Mungu kwa sauti.

Wembe peke yake ndiye aliyeona ukingo wa godoro, upande wa ukutani. Palikuwa panazama. Polepole. Mviringo mmoja mpana, kama pa mtu anayekaa kupumzika baada ya kutua mzigo.

Sista alipona, akarudi wodini. Wembe alimrudishia mkewe taulo na ukweli wote, na mkewe hakumsemesha kwa wiki mbili. Medali aliipeleka kwa waandaaji wa mbio, wakamcheka. Hata leo, mteja mgeni akisifia habari ya kilomita nane, Wembe huzima mashine na kusema, "Sikuwa mimi." Watu hutikisa vichwa. Wanasema tazama, shujaa na bado ana unyenyekevu. Anainamisha macho, anaendelea kunyoa.

Sista sasa analala sebuleni. Godoro la chumbani limebadilishwa mara mbili. Kila asubuhi mama yake hutandika shuka jipya, akapiga ukingo wa ukutani kwa kiganja mpaka unyooke. Ikifika adhuhuri, pamebonyea tena, na ukipagusa ni pa baridi.