Siku Tatu Simu Imezimwa

Mambo yaliharibika Jumapili ya tarehe 14 Julai 2024, mchungaji wa kanisa la Nkoma aliposoma majina ya wachumba, na la Nyanjige halikuwemo. Alikuwa ameketi kwenye kwaya ndani ya kitenge cha njano alichojishonea kwa ajili ya tangazo hilo. Kanisa zima likamgeukia.

Mchumba wake Mayige, mkulima mgane na baba wa Kulwa, alikutana naye Mei kwenye kituo cha pamba. Foleni ilifika barabarani maana karani alikuwa hajaja, kama kawaida ya wenye mizani. Alimkuta Nyanjige, fundi cherehani, amekalia gunia lake.

“Dada, umekalia jasho langu.”

“Jasho laini hivi? Acha nipumzike, baba.”

Tangu hapo simu hazikukatika. Nyanjige alimtania kwamba anaongea kama anayeita ng'ombe, naye akazidisha sauti makusudi ili amsikie akicheka. Alipomwomba amuoe, Nyanjige alikubali majina yaandikwe, ila akasema lazima kwanza amuulize Mungu.

Akaenda nyumba ya maombi Bariadi kufunga, Alhamisi hadi Jumamosi ya kabla ya tangazo. Huko simu hukabidhiwa, hurudishwa Jumapili. Alimwagiza mzee wa kanisa, Josia, amwambie Mayige. Josia akapata semina Lamadi, akasahau. Viongozi husahau, wanaolia ni waumini.

Mayige alipiga simu mpaka akachoka. Akaenda kwake, akakuta kufuli. Jumamosi akaamini amekataliwa. Akaingia ofisi ya kanisa, akafuta majina kabla hajaaibishwa.

Baada ya ibada Nyanjige alimkuta kwenye pikipiki yake, wakaelezana yote. Josia alipoulizwa alisema bila kupepesa kwamba hayo yalikuwa mapenzi ya Mungu.

“Hapana, mzee,” Nyanjige alisema. “Hayo yalikuwa yako.”

Josia akaondoka. Nyanjige akambandulia Mayige uzi wa pamba kwenye kola, taratibu, kama mke.

“Jana nilipata amani moyoni, baba Kulwa. Mungu amesema ndiyo.”

Mayige akataka kukimbilia ofisini majina yarudishwe. Nyanjige akamshika mkono, hakuuachia.

“Subiri, mpenzi. Mimi nimenyamaza siku tatu tu, ukanifuta. Siku Mungu akitunyamazia mwaka mzima, nyumbani kwetu utafuta nini?”