Sauti Iliyovushwa kwa Kiapo

Asubuhi, spika zote zikiwa zimechomolewa ukutani, Chediel alimsikia mkewe akikohoa jikoni. Yasinta alikuwa amezikwa Sepuka tangu mvua za kwanza.

Chediel aliandika programu za kompyuta mjini Singida. Yasinta alipokuwa hai alimrekodia onyo kwa ajili ya programu ya kulinda mizinga ya Rungwa: "Nyuki wanahama, amkeni!" Programu ile ilikwenda kwa nyuzi kadhaa, kila uzi ukishika kazi yake sambamba na wenzake. Sauti ilikuwa mali ya uzi ulioizaa, yaani ule ulioipakia kwanza. Uzi mwingine haukuruhusiwa kuigusa. Baada ya msiba, Chediel akataka kuisikia kila chumba, akaipeleka kwenye nyuzi nyingine, kila mmoja ukiendesha spika ya chumba chake. Mashine ikakagua, ikakataa. Akaandika mstari wa kiapo, ule unaoiambia mashine: nimehakikisha mwenyewe, ni salama. Hakuwa amehakikisha chochote. Sauti ikavuka, na haikuvuka peke yake.

Mama mkwe wake, Bi Febronia, alisimama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona nyumba inanuka nta iliyoungua?"

Kabla hajajibu, sauti ikaita jikoni: "Febronia. Njoo."

Bi Febronia akakaza khanga kifuani. "Huyo si mwanangu," akanong'ona. "Yasinta aniite mimi kwa jina? Na wewe unamwitikia?"

"Naitikia, mama. Ni sauti yake."

"Ni nguo yake tu. Mwingine kaivaa. Irudishe ilikotoka."

Chediel akafuta kiapo. Akaifunga sauti ndani ya kasha ambalo uzi wowote unaweza kulibeba, lakini ni uzi ulioizaa tu unaoweza kulifungua au kuliangamiza, akalirudisha kwa uzi huo, na kadiri kasha lilivyopita uzi hadi uzi ndivyo kikohozi kilivyotoka jikoni, kikapita sebuleni, kikapita nyuma ya shingo yake kikiwa na harufu ile ya nta, kikaingia kwenye kompyuta, kikanyamaza.

Ilibaki amri moja: uzi ule ufungue, ufute.

"Bonyeza, baba."

"Baridi huku," kasha likasema, taratibu, kama Yasinta.

Kidole kikaganda. "Nimsikie kidogo tu, mama."

Uzi ukasubiri muda uliopangiwa, haukupata amri, ukafa. Hapakuwa tena na wa kulifungua kasha, wala wa kuliangamiza.

"Ametoka?"

"Hapana, mama. Nimemfungia."

Akazima kompyuta, akachomoa waya. Ndani ya kompyuta kitu kikaanza kugonga, polepole, kama mtu aliyeambiwa asubiri.