Chumba cha Mtu Mmoja

Mtu alikohoa mlangoni. Kilikuwa kikohozi kidogo, cha adabu, kama cha mgeni anayesimama nje ya hema ili wenyeji wajue amefika. Ibtihal alikuwa ameinamia jiko la umeme akilinda kahawa isifurike, akajibu bila kugeuka, kama alivyozoea nyumbani kwao Maan, jangwani kusini mwa Jordan:

"Karibu, ingia. Nyumba ni yako."

Alipogeuka, mlango ulikuwa umefungwa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

Hiyo ilikuwa Jumapili alasiri, siku yake ya pili katika bweni la wasichana wa mwaka wa kwanza. Alichagua chumba namba kumi na mbili kwa sababu moja tu: kilikuwa na kitanda kimoja. Tangu azaliwe alikuwa akilala na dada zake wanne, viwiko mbavuni, na alitaka kujua ukimya unafananaje. Umm Mutasim, matroni, alimwonya siku ya kusaini.

"Mwanangu, una mpaka Alhamisi saa sita mchana. Ukikichoka, utahamia kwa mwenzio. Baada ya hapo nafunga daftari, hata ulie vipi."

Siku tatu Ibtihal hakumwambia mtu. Akitoka darasani alikuta kiti kimegeuzwa kutazama kitanda. Mto ulikuwa umebonyea katikati, na ukiugusa, ulikuwa vuguvugu. Chumba kilinuka manyoya ya mbuzi yaliyolowa mvua, na mvua ilikuwa haijanyesha tangu Aprili. Kwao mgeni haulizwi shida yake mpaka zipite siku tatu na theluthi, na kilichomwaibisha zaidi ni kwamba hata akiwa na hofu, alijikuta anapunguza sauti ya simu ili asimkere.

Alhamisi saa tano asubuhi alishuka kwa Rawand, msichana wa Amman aliyesoma naye, ambaye chumba chake kilikuwa na vitanda viwili na kimoja hakina mtu.

"Ngoja kwanza," Rawand alisema. "Umemkaribisha jini?"

"Punguza sauti."

"Ukamwambia nyumba ni yake? Wee Ibtihal! Nyie watu wa jangwani, hiyo adabu yenu itawaua. Haya, twende tukachukue sanduku."

Walifungasha haraka, mlango wazi, jua limejaa dirishani. Lakini Ibtihal alishindwa kutoka.

"Siwezi kumwacha hivi hivi, Rawand. Nilimwita mwenyewe."

"Mpe basi hiyo kahawa yake ya kwaheri, tuondoke."

Akamimina finjani moja ya kahawa chungu, akaiweka juu ya kiti. Walisubiri. Finjani ikainuka kidogo, taratibu, ikashuka mpaka sakafuni, ikatua. Hakuna tone lililomwagika, wala lililonyweka.

Hakuna msichana wa Jordan asiyejua maana yake. Wazee wanaokwenda kuposa huweka kahawa chini vivyo hivyo, na hawaigusi mpaka mwenye nyumba aseme ombi lao limekubaliwa.

"Ana ombi," Ibtihal alinong'ona. "Usiseme kitu."

Lakini Rawand alikuwa mtu wa kucheka akiogopa. "Kunywa kahawa yako, bibi," alisema, sauti ikimpasuka. "Ulilolijia umepewa."

Kahawa ikaanza kupungua, kidogo kidogo, kwa mfyonzo mwembamba kama wa bikizee asiye na meno, na walipokuwa wakiitazama ikishuka mpaka kwenye machicha, ile harufu ya manyoya mabichi ikasogea kutoka kwenye kiti, ikapita mbele ya Ibtihal bila kusimama, ikaenda kumzunguka Rawand, ambaye aliachia sanduku, akaketi kitandani, akainamisha kichwa, na nywele zake zikaanza kuinuka shungi moja baada ya jingine, zikigawanywa na kusukwa na vidole ambavyo Ibtihal hakuviona.

"Rawand. Simama."

"Nenda wewe," Rawand alisema kwa upole ambao haukuwa wake. "Wewe una dada zako. Huyu hana mtu."

Ibtihal alipiga kelele, na Umm Mutasim akapanda ngazi akihema, daftari kwapani. Alisimama kizingitini, hakuvuka.

"Nani alimkaribisha?"

"Mimi."

"Na nani amempa alilolijia?"

"Huyu. Alikuwa anatania tu, mama! Tumwite shehe."

"Shehe humtoa aliyevamia. Huyu alialikwa." Matroni alishusha sauti. "Ila mwenzio ametoa kisicho chake. Chumba si chake. Mwenye nyumba akilibeba neno hilo mwenyewe, mwenzio ataachiwa."

"Nikilibeba, itakuwaje?"

"Anataka mtu wa kukaa naye, mwanangu. Ukihama leo, namwandika mwenzio, maana ndiye atakayebaki humu." Alitazama saa yake. "Zimebaki dakika kumi na saba."

Ibtihal alimtazama Rawand. Misuko ilikuwa imefika mabegani, mizuri, iliyobana mno, na ngozi ya paji la uso ilikuwa imevutika mpaka macho yamebaki wazi, hayapepesi. Mdomo ulikuwa unatabasamu. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Lete daftari," Ibtihal alisema.

Alisaini kwa majina yake yote mpaka la ukoo, asije akaacha nafasi ya kosa. Kisha akakielekea kitanda. "Mimi ndiye mwenye nyumba. Ulilolijia, nakupa mimi. Mwache."

Rawand alianguka mbele kama mtu aliyekatiwa kamba. "Nani kanivuta nywele?" alifoka. "Nauliza, nani kanivuta nywele?" Umm Mutasim alimshika kiunoni, akamteremsha ngazi, na kelele zake zikasikika mpaka ghorofa ya chini.

Adhana ya adhuhuri ilimkuta Ibtihal bado amesimama pale pale. Alisali. Alilirudisha sanduku chini ya kitanda, akafunga mlango, akajilaza kama wanavyolala watu wote wakati huo wa mchana. Godoro lilikuwa jembamba, la mtu mmoja. Alilala ubavu, akasogea mpaka goti likagusa ukuta.

Upande wa pili, godoro likazama.